Kiwelisi hakikuokolewa na Biblia peke yake

Katika muda wa miaka 27 Bunge la London lilitunga sheria mbili kuhusu Kiwelisi, lugha ya Welisi (Wales), nchi iliyo magharibi mwa Uingereza, na ukizisoma pamoja utadhani zimetoka kwa serikali mbili zenye uadui. Ya kwanza, ya mwaka 1536, iliagiza mahakama zote za Welisi ziendeshwe kwa Kiingereza, na ikasema kwamba anayetumia Kiwelisi hatashika cheo chochote cha serikali wala kula mshahara wake isipokuwa atumie Kiingereza. Ya pili, ya 1563, iliwaamuru maaskofu wanne wa Welisi pamoja na mwenzao wa Hereford, jimbo la Uingereza lililo mpakani, wahakikishe Biblia na Kitabu cha Sala vimetafsiriwa kwa Kiwelisi kabla ya Machi 1567, na ibada ziendeshwe kwa lugha hiyo popote inapozungumzwa.

Wasimuliaji wengi huipita ya kwanza mbio ili wafike kwenye ya pili, kisha kwenye Biblia ya 1588 iliyotafsiriwa na William Morgan, na hapo hufunga hadithi: Biblia iliokoa lugha. Namheshimu Morgan kwa dhati, na kazi yake ni miongoni mwa kazi kubwa za tafsiri Ulaya. Lakini hadithi hiyo inatoa sifa zote kwa kitabu na kwa dola iliyokiruhusu. Inawasahau washairi waliofua lugha hiyo kwa karne nyingi kabla ya kiwanda cha uchapaji, na inawasahau wakulima waliojifunza kusoma ghalani usiku, zaidi ya miaka 140 baada ya Biblia kutoka. Mimi nawapa hao wa mwisho sehemu kubwa kuliko Bunge.

Tuanze na sheria ya 1536, kwa sababu haikuletwa na adui. Henry Tudor alikuwa mjukuu wa Owen Tudor, mtu wa kisiwa cha Anglesey. Alipotua Pembrokeshire, Welisi, mwezi Agosti 1485 akielekea Bosworth, kwenye vita vilivyompa ufalme kama Henry VII, Wawelisi wengi walimfuata wakiamini kwamba ule utabiri wa washairi wao, wa mwana atakayerudisha heshima ya taifa, sasa unatimia. Mwanawe, Henry VIII, ndiye aliyeiunganisha Welisi na Uingereza kisheria. Na makabaila wa Welisi walifurahi. Tangu uasi wa Owain Glyndŵr mwanzoni mwa karne ya 15 walikuwa wameishi chini ya sheria za adhabu zilizomnyima Mwelisi vyeo na haki ya kununua ardhi mijini. Muungano uliwapa viti bungeni, uhakimu wa amani katika kaunti zao, na usawa mbele ya sheria. Bei ya haki hizo ilikuwa lugha, nao wakailipa bila kubishana sana, kwa kuwa wengi wao walikwisha kujua Kiingereza.

Aliyelipa kwa uchungu ni yule asiyekijua, naye ndiye aliyekuwa sehemu kubwa mno ya watu. Mahakama Kuu za Welisi, zilizoanza 1543 na kudumu hadi 1830, zilikaa mara mbili kwa mwaka katika kaunti 12. Kumbukumbu rasmi ziliandikwa kwa Kilatini, mabishano ya wanasheria yalikuwa kwa Kiingereza, na mkulima aliyeletwa kizimbani hakujua hata moja kati ya lugha hizo mbili. Shahidi alisema kwa Kiwelisi, mkalimani akageuza, karani akaandika alichosikia kwa mkalimani. Maisha ya mtu yangeweza kutegemea uhodari au uvivu wa mkalimani huyo.

Iko aina moja ya kesi iliyomlazimisha karani kuandika Kiwelisi chenyewe: kesi ya kashfa. Sheria ilitaka maneno halisi yaliyotamkwa, neno kwa neno, kabla ya tafsiri yake, maana kosa lenyewe lilikuwa ni maneno. Kwa hiyo mtafiti wa leo akitaka kujua mwanamke wa kijijini wa karne ya 16 au ya 17 alimwitaje jirani yake mwizi, kwa matamshi na lahaja ya kwao, atamsikia kwenye mafaili ya mahakama hizo. Kwingine kote sauti ya mtu huyo imepotea. Kila ninapoifikiria hali hiyo naona jinsi jambo hili lilivyokuwa zito: watu waliishi, wakashtakiwa, wengine wakanyongwa kwa lugha wasiyoielewa, na walichoachiwa kwenye maandishi ya dola kwa lugha yao wenyewe ni matusi. Mabaki ya vifungu hivyo vya Tudor kuhusu lugha yalifutwa mwaka 1993.

Hata majina yalibanwa. Mwelisi aliitwa kwa jina la baba na babu, Dafydd ap Rhys ap Hywel, sawasawa na mtu wa mwambao anavyojiita Salim bin Rashid bin Hamad. Makarani walitaka jina moja la ukoo lisilobadilika. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Harri akawa Parry, ab Owain akawa Bowen. Makabaila walitangulia kubadilika, na watu wa kawaida wakafuata polepole kwa vizazi kadhaa.

Sasa, kwa nini dola hiyohiyo ikafungua mlango wa kanisa? Jibu langu ni hofu. Elizabeth I alirithi nchi iliyogawanyika kwa dini, na Welisi ina pwani ndefu inayotazama Ayalandi na njia za meli za Hispania. Ibada ya Kilatini ilipoondolewa na ya Kiingereza kuingizwa, Mwelisi alitoka kwenye lugha moja asiyoielewa akaingia nyingine asiyoielewa. Mwaka 1549 watu wa Cornwall, rasi ya kusini magharibi mwa Uingereza yenye lugha yake, walikuwa wameasi dhidi ya Kitabu cha Sala cha Kiingereza, na katika madai yao walieleza kwamba baadhi yao hawakijui Kiingereza. Uasi ule ulizimwa kwa damu. Serikali haikutaka kuona moto huo ukiwaka milima ya Snowdonia. Ilikuwa rahisi zaidi kumfanya Mwelisi awe Mprotestanti kwa lugha yake kuliko kusubiri ajifunze Kiingereza kwanza. Na kwamba dola haikuwa na mapenzi na Kiwelisi kunathibitishwa na sheria yenyewe ya 1563: iliagiza nakala za Kiingereza ziwekwe kanisani kando ya zile za Kiwelisi, ili watu walinganishe na kwa njia hiyo wajifunze Kiingereza haraka.

Watu wa Cornwall hawakupewa Biblia wala Kitabu cha Sala, na mwishoni mwa karne ya 18 lugha yao ilikuwa imekwisha vinywani mwa watu. Hapa watetezi wa hadithi ya kawaida husema: mnaona? Naona, ndiyo. Lakini tazameni Ayalandi pia. Agano Jipya la Kiayalandi lilichapwa Dublin mwanzoni mwa karne ya 17, na Agano la Kale likafuata mwaka 1685. Biblia ilikuwepo, lakini ilikuja mikononi mwa utawala ulionyang'anya ardhi, na Waayalandi walio wengi walibaki Wakatoliki na kuikataa. Kitabu peke yake hakikuikinga lugha yao na yaliyoikuta baadaye. Basi Welisi ilikuwa na nini cha ziada?

Ilikuwa na washairi. Kuanzia zama za kati Kiwelisi kilikuwa na daraja la malenga waliofundishwa kwa miaka mingi chini ya mwalimu, wakipanda ngazi kwa mitihani, wakiishi kwa kuzunguka nyumba za makabaila na kusifia koo zao. Tungo zao zilikuwa na bahari 24 rasmi na utaratibu mkali wa kupatanisha konsonanti na vina ndani ya kila mstari, unaoitwa cynghanedd. Mtu aliyelelewa katika sanaa hiyo alijua uzito wa kila silabi. Mwezi Mei 1567 walikutana Caerwys, kaskazini mashariki mwa nchi, kwa idhini ya Malkia, katika shindano lao la eisteddfod. Lengo la serikali lilikuwa kuchuja: wenye ujuzi wapewe leseni, waliobaki wahesabiwe wazururaji wakatafute kazi. Simwnt Fychan na Wiliam Llŷn walitoka pale na daraja la juu kabisa la ushairi.

Mwaka huohuo wa 1567 Agano Jipya la kwanza la Kiwelisi lilitoka London, sehemu yake kubwa ikiwa kazi ya William Salesbury. Salesbury ni mtu ninayempenda kuliko wote katika kisa hiki. Miaka 20 kabla, mwaka 1547, alikuwa amechapisha methali zilizokusanywa na mshairi Gruffudd Hiraethog, na katika utangulizi akawahimiza Wawelisi waende pekupeku hadi kwa mfalme na baraza lake kuomba ruhusa ya kuwa na Maandiko kwa lugha yao. Mwaka huohuo alitoa kamusi. Huyu ni msomi wa Oxford aliyeona mapema kwamba lugha isiyo na vitabu haitaweza kushindana katika zama za uchapaji.

Lakini Agano lake lilikwama midomoni mwa wasomaji. Alipenda kuyaandika maneno yafanane na Kilatini, na aliacha kuonyesha mabadiliko ya herufi za mwanzo wa neno ambayo Mwelisi huyatamka bila kufikiri, akitegemea msomaji atayajaza mwenyewe. Kasisi aliyesoma kwa sauti kama ilivyoandikwa alisikika kama mgeni. Mwandishi wa Kiwelisi Maurice Kyffin aliandika mwaka 1595 kwamba sikio la Mwelisi wa kweli halikuweza kuivumilia. Na kulikuwa na shida ya kiwanda: Kiwelisi kilitumia herufi k kwa wingi, na wachapaji wa London, waliozoea Kiingereza, hawakuwa na herufi hizo za kutosha kwenye visanduku vyao. Salesbury akaweka c badala yake, na kueleza sababu ni hiyo. Watu wake hawakufurahi. Leo fungua gazeti lolote la Kiwelisi, hutaikuta k isipokuwa kwenye maneno ya kigeni.

William Morgan alirekebisha kosa hilo la sikio. Mtoto wa mpangaji wa shamba huko Wybrnant, aliyesoma Cambridge akajua Kiebrania na Kigiriki, alitafsiri Agano la Kale na kulisahihisha Agano Jipya la Salesbury, akiacha mengi ya maneno yake na kuondoa ule ukilatini. Lugha aliyoichagua ilikuwa lugha ya malenga: sanifu, ya heshima, isiyofungwa na lahaja ya kaskazini wala ya kusini. Hapo ndipo tofauti na nchi nyingine inapoonekana. Morgan hakulazimika kubuni lugha ya fasihi. Aliikuta tayari, imenolewa, akaitoa kwenye sifa za makabaila na kuipeleka kwa Isaya na Ayubu.

Alifanya hayo katikati ya ugomvi. Parokiani kwake alikuwa na uhasama na Ifan Maredudd wa Lloran Uchaf, mtu mwenye mali na wafuasi, na kesi zao zilifika hadi Star Chamber, mahakama ya baraza la mfalme huko London. Kisha alilazimika kukaa London karibu mwaka mzima kusimamia uchapaji, kwa kuwa mafundi walikuwa wakipanga herufi za lugha wasiyoijua hata neno. Askofu Mkuu Whitgift alimkaribisha nyumbani kwake Lambeth, lakini mto Thames ungemtenganisha na wachapaji. Akakaa Westminster kwa Gabriel Goodman, mkuu wa kanisa la hapo na mzaliwa wa Ruthin, Welisi, ili awe karibu na karatasi zake kila siku. Katika wakfu wake kwa Malkia aliwajibu wale waliotaka Wawelisi wasubiri hadi wajue Kiingereza: kungoja huko, alisema, ni kuwaacha watu waangamie kwa njaa ya neno. Hoja hiyo ilihitajika kweli. Kyffin anamtaja kiongozi mmoja wa kanisa aliyesimama kwenye kikao na kupinga kabisa vitabu vya Kiwelisi kuchapwa.

Wala wasidhani Waprotestanti kwamba upendo wa lugha ulikuwa wao peke yao. Gruffydd Robert, Mkatoliki aliyekimbilia Milan, alichapa huko sarufi ya Kiwelisi mwaka 1567, iliyoandikwa kama mazungumzo ya Wawelisi wawili walioketi kwenye kivuli cha mizabibu wakiikumbuka nchi yao. Na mwaka 1587, pangoni Rhiwledin karibu na Llandudno, Wakatoliki wa siri walichapa kitabu cha dini kilichodai kimetoka Rouen, Ufaransa. Kitabu cha kwanza kuchapwa ndani ya Welisi kilitoka chini ya mwamba, kikikimbia serikali.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilitokea upande wa washairi wenyewe, na hapa nawalaumu ingawa nawapenda. Kati ya 1581 na 1587 Edmwnd Prys, shemasi mkuu wa Merioneth na msomi wa Cambridge kama Morgan, alilumbana kwa mashairi na malenga wa daraja la jadi, Wiliam Cynwal. Prys alimtaka aache sifa za uongo na nasaba za kununuliwa, atunge kuhusu elimu, maumbile na dini, na atumie uchapaji. Cynwal alijibu kwamba Prys hana shahada ya ushairi, kwa hiyo hana haki ya kumfundisha kazi. Malumbano yaliendelea hadi Cynwal alipofariki. Ukiyapima leo, Prys aliona mbali. Malenga waliiweka sanaa yao kuwa siri ya chama, kwenye miswada ya mkono, wakiwategemea makabaila waliokuwa wakipeleka watoto wao Oxford na kwenye vyuo vya sheria London. Kizazi baada ya kizazi nyumba zile ziligeukia Kiingereza. Mwishoni mwa karne ya 17 malenga wa nyumba za wakubwa walikuwa wamekwisha.

Na Kiwelisi kikabaki na kazi moja: dini. Robert Recorde, mzaliwa wa Tenby, Welisi, aliyeipa dunia alama ya usawa (=) mwaka 1557, alifundisha hesabu kwa Kiingereza. Edward Lhuyd, aliyeweka msingi wa uchunguzi wa lugha za Kikelti kwa kitabu chake cha 1707, aliandika sehemu kubwa yake kwa Kiingereza. Sheria, utabibu, biashara, sayansi, vyote vilikwenda upande wa pili. Vitabu vya Kiwelisi vilipochapwa, vingi mno vilikuwa vya sala, mahubiri na katekisimu. Hiyo ndiyo gharama ya 1536 ambayo Biblia haikuifuta. Lugha ya kanisani tu inaheshimiwa Jumapili na kudharauliwa sokoni siku ya Jumatatu.

Tena, hata kanisani watu walisikiliza tu. Biblia ya 1588 ilikuwa kitabu kikubwa cha kuwekwa kwenye mimbari. John Davies wa Mallwyd, mwanafunzi wa Morgan na mjuzi wa miswada ya washairi, aliipiga msasa kwa toleo la 1620 lililotoka kwa jina la Askofu Richard Parry. Mwaka 1630 wafanyabiashara wawili wa London wenye asili ya Welisi, Rowland Heylin na Thomas Myddelton, waligharimia toleo dogo la shilingi 5 ili liingie majumbani. Hatua njema, lakini shilingi 5 hazikuwa kitu kidogo kwa kibarua, na kibarua mwenyewe hakujua kusoma.

Aliyevunja ukuta huo ni Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror, kijiji cha Carmarthenshire. Kuanzia mwaka 1731 hivi alibuni shule za kuhama: mwalimu aliyemfundisha yeye anafika kijijini, anakaa miezi mitatu hivi, hasa majira ya baridi ambapo shamba halina kazi nyingi, kisha anahamia kwingine. Darasa lilikuwa kanisa, ghala au jiko la nyumba ya mkulima. Watoto mchana, vibarua na wazee usiku, wengine wakishika kitabu kwa mara ya kwanza wakiwa na mvi. Somo lilikuwa kusoma tu, bila kuandika wala hesabu, kwa katekisimu na Biblia, kwa Kiwelisi. Wakosoaji walimuuliza kwa nini hafundishi Kiingereza. Jibu lake lilikuwa la mwalimu mzoefu: kwa lugha ya mtu mwenyewe kazi ni ya miezi, kwa lugha ya kigeni ni ya miaka, na maskini hana miaka ya kukaa darasani.

Jones alipofariki mwaka 1761, shule zaidi ya 3,300 zilikuwa zimefanyika, na ripoti zake zilionyesha wanafunzi zaidi ya 150,000 wa mchana, bila kuwahesabu watu wazima wa usiku, katika nchi yenye watu wasiofika nusu milioni. Nchi chache za Ulaya zilikuwa na mfano wa namna hiyo, tena bila senti ya serikali. Fedha zilitoka kwa wafadhili, na mkubwa wao alikuwa Bridget Bevan wa Laugharne, aliyeziendesha shule baada ya Jones. Alipofariki mwaka 1779 aliacha wasia wa pauni 10,000 kwa kazi hiyo. Ndugu zake wakaupinga mahakamani London, na fedha zikazuiliwa huko kwa miongo kadhaa. Shule zilifungwa.

Kufungwa huko hakukuwarudisha watu nyuma, na hapa ndipo ninapowaona wasomaji wale wakifanya jambo ambalo Bunge la 1563 halikuliwaza. Thomas Charles wa Bala aliendeleza kazi kwa shule za Jumapili, za wakubwa kwa wadogo. Na aliyefundishwa kusoma kwa ajili ya Zaburi hakuishia kwenye Zaburi. Alinunua almanaka, nyimbo za bei nafuu za mnadani, majarida. Mwezi Januari 1814, mjini Swansea, mchungaji wa Kibaptisti Joseph Harris alianzisha Seren Gomer, gazeti la kwanza la kila wiki kwa Kiwelisi, lenye habari za vita vya Napoleon na za dunia. Lilidumu mwaka mmoja na nusu tu kabla ya gharama kulishinda, kisha mwaka 1818 likarudi kama jarida, na majarida na magazeti mengine ya lugha hiyo yakafuata kwa makumi katika karne hiyo. Hakuna sheria iliyoyaagiza. Yalinunuliwa na wajukuu wa wale waliofundishwa herufi ghalani, na ndani yake Kiwelisi kiliandika tena kuhusu siasa, biashara na dunia.